Chipu za Sinema ya Jafferali

Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, lakini mashine iliyokuwa stoo ilikuwa ikivuma.

Coletha aliacha kupepeta mchele, akasikiliza. Ulikuwa mvumo mwembamba, kama wa feni ndogo inayozunguka ndani ya sanduku. Mvua ilikuwa imepumzika kidogo na mtaa wote wa Ngokolo ulikuwa kimya, kwa hiyo hakuweza kujidanganya kwamba ni kinu cha pamba au lori linalopita barabarani. Aliweka ungo chini, akaenda kusukuma mlango wa stoo.

Mvumo ukakatika.

Ndani mlinuka vumbi lililoungua, ile harufu ya redio ya zamani inapowashwa baada ya kukaa miaka. Projekta ilikuwa pale pale sakafuni, kubwa kama sanduku la nguo, haina waya, kifuniko kimefunguliwa. Macho yake matatu ya kioo yalielekea mlangoni: moja jekundu, moja la kijani, moja la bluu.

"Baba Dorika," alimwambia mumewe aliporudi, "ile mashine yako ina betri?"

"Haina. Kwa nini?"

"Leo imevuma. Na umeme haukuwepo."

Agapiti alicheka, akavua viatu vyake vilivyojaa matope. "Mvua hizi zimeleta vyura mpaka ndani ya makabati, mke wangu. Umesikia chura."

Agapiti alikuwa fundi wa redio na televisheni. Yeye na Coletha walitoka Ushirombo wakiwa wapya katika ndoa, wakapanga nyumba Shinyanga mjini, wakampata binti yao Dorika. Kazi yake ilisifiwa. Lakini miaka ile kila mtu pale mjini alikuwa ameelekeza shingo upande wa Geita. Watu aliokuwa akiwatengenezea redio kwa bei ya huruma walikwenda kwenye mashimo ya dhahabu wakarudi na pikipiki. Agapiti aliogopa kuingia chini ya ardhi, hilo alilisema wazi. Lakini dhahabu ilikuwa imemwingia kichwani, na ikikuingia kichwani hata usiposhuka shimoni umeshashuka.

Projekta aliinunua kwenye jumba la sinema la Mzee Jafferali. Watu walipoanza kutazama kanda za video kwenye vibanda, mzee alijaribu kuliokoa jumba lake kwa kuleta projekta ya elektroniki yenye uwezo wa kutupa video kwenye kitambaa kikubwa. Ilifanya kazi kwa muda, kisha ikazima. Jumba likafungwa, chumba cha mashine kikapigwa kufuli, na miaka ikapita. Mwaka huo wa mvua nyingi familia iliamua kuhamia Dar es Salaam, na binti wa mzee, Anar, ndiye aliyesimamia kuuza vitu.

Wakati wapakiaji wanaifunga projekta kwenye mkokoteni, Anar alimvuta Agapiti pembeni.

"Fundi, nakuambia kwa sababu una mke na mtoto. Chumba kile kilikaa kitupu muda mrefu. Kuna kitu kimeingia humo, kimeifanya hii mashine nyumba yake. Mlinzi wetu alikuwa akikisikia. Ukiweza kuitengeneza, itengeneze iwake. Ukishindwa, irudishe, nitakurudishia ulichotoa. Usiipasue."

"Nimekusikia, dada Anar," alisema Agapiti. Moyoni alifikiri: amepata mteja mwingine, anataka kunitisha niiache.

Hakuweza kuitengeneza. Taa zake za ndani zilikuwa zimekufa, na taa kama zile hazikupatikana Tanzania nzima. Lakini alipozifungua bodi aliziona chipu. Hazikuwa zile nyeusi za kawaida alizozizoea kwenye televisheni. Zilikuwa vipande vya kauri ya zambarau, na juu ya kila kimoja palikuwa na kifuniko kinachong'aa kama jino la dhahabu.

Alizing'oa zote, moja baada ya nyingine, akazifunga kwenye leso. Kesho yake ndipo Coletha aliposikia mvumo.

Moja aliipeleka dukani kwa Kaushik, muuzaji wa vifaa vya umeme karibu na soko. Kaushik aliigeuza chini ya kioo cha kukuzia.

"Hii ni dhahabu?" Agapiti aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ni dhahabu, lakini ya kupakwa. Ukiichoma utapata kitu cha kukaa kwenye ncha ya sindano. Usichome, Agapiti. Ikiwa nzima, mwenye projekta kama hii iliyoharibika, huko Nairobi au Kampala, ataitafuta kama dawa. Moja tu inaweza kukununulia ng'ombe. Niachie zote, niandike barua, tungoje."

"Tungoje mpaka lini?"

"Miezi. Labda zaidi. Spea haina haraka."

Agapiti alimwachia nusu. Nusu nyingine alipanda nayo gari mpaka Nyarugusu, kwa rafiki yake Athanas aliyekuwa mchenjuaji wa dhahabu, mwenye madumu ya tindikali na zebaki nyuma ya kibanda chake. Athanas alizivunja kwa nyundo, akazichemsha, akachoma kilichobaki. Moshi wa njano ulipoisha, chini ya chungu palikuwa na punje ndogo kuliko punje ya ulezi.

"Ndiyo hii?" alisema Agapiti.

"Ndiyo hiyo, ndugu yangu. Ulidhani nini?"

Athanas aliitupia pamoja na dhahabu ya wengine, akamlipa hela ya nauli na sabuni. Agapiti alirudi Shinyanga amenuna, na hakumwambia mkewe alikokuwa.

Siku hiyo hiyo, Coletha aliona doa la kwanza.

Alikuwa amefunga madirisha kwa sababu ya mvua ya alasiri, na chumba kilikuwa na giza la kijivu. Kwenye ukuta juu ya kitanda palikuwa na mraba mdogo mwekundu wa mwanga. Aliangalia mlango: umefungwa. Aliangalia dari: haikuwa na tundu. Akaweka kiganja mbele ya doa ili kivuli kimwonyeshe mwanga unatoka wapi, na kiganja hakikutoa kivuli chochote. Doa lilibaki ukutani chini ya mkono wake, na ukuta ulikuwa wa moto.

Alipofungua dirisha, likapotea.

Kesho yake lilikuwepo tena, na la kijani lilikuwa darini. Siku iliyofuata la bluu lilikaa sakafuni kando ya mkeka wa Dorika. Kila mara madirisha yakifungwa yalikuwepo, na kila mara yalikuwa yamesogea. Kila moja lilikwenda njia yake, polepole, kama kipofu anayepapasa ukuta, na mvumo uliyafuata, na ile harufu ya vumbi lililoungua iliingia kwenye chakula, kwenye nywele, kwenye maji ya mtungi.

"Mama," Dorika alimnong'oneza, "yanatafutana."

"Nani?"

"Hizo rangi. Zikikutana atatoka mtu."

"Nani kakuambia?"

Mtoto alinyoosha kidole kuelekea stoo.

Coletha alimkabili mumewe jikoni, kwa sauti ya chini ili mtoto asisikie. "Umefanya nini kwenye ile mashine?"

"Nimetoa vipuri. Ni kazi yangu."

"Anar alikuambia nini ulipoinunua?"

Agapiti alitazama moto. "Maneno ya kutisha watoto."

"Mtoto tunaye, baba Dorika. Mtoto tunaye!"

Alimwita katekista wa kigango chao. Alikuja na maji ya baraka, akanyunyiza kila pembe, na siku chache pakawa shwari. Halafu mvua ikaanza upya, ikanyesha tangu asubuhi, na maji yakaingia kwa chini ya mlango. Coletha akafunga madirisha yote bila kufikiri na kuanza kuzuia maji kwa magunia. Akiwa ameinama hivyo alisikia mvumo ukipanda, si mwembamba tena bali mnene, wa kutetemesha sufuria kwenye kabati na meno kinywani, na alipoinua kichwa aliona jekundu likishuka ukutani, na kijani likitambaa kutoka darini, na bluu likipanda juu ya mkeka ambapo Dorika alikuwa ameketi ameegemea ukuta na mdoli wake wa matambara, na yote matatu yakamfikia mtoto kwa pamoja, yakakaa juu ya kifua chake, yakapandana, na pale yalipopandana rangi zote zikafa na kubaki mwanga mweupe mkali, na nyuma ya mtoto, ukutani, pakasimama kivuli kirefu hadi kukunjika darini, kivuli ambacho hakikuwa cha mtoto wala cha mtu yeyote aliyezaliwa na mwanamke.

"Dorika!"

Mwanga ukazimika. Mtoto aliinua uso. Macho yake yalikuwa wazi, na ndani ya kila mboni palikuwa na nukta tatu ndogo zinazozunguka.

"Nyumba yangu iko wapi?" alisema. Midomo yake haikulingana na maneno. Ilichelewa kidogo, kama picha na sauti kwenye kanda mbovu.

Tangu saa hiyo Dorika hakula. Alikaa ameegemea ukuta, akivuma. Waliomgusa walisema mwili wake ni wa moto bila jasho. Agapiti hakucheka tena. Walimpakia mtoto kwenye pikapu ya jirani wakaenda Tinde, kwa Bibi Mwanaima, mganga aliyejulikana kwa kuzungumza na majini kwa adabu.

Bibi Mwanaima alikuwa mwembamba, mwenye kanga iliyofuliwa mpaka ikapauka. Coletha alipiga magoti. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mlaze hapa."

Alifukiza ubani, akafunga mlango, akamwekea mtoto mkono utosini. "Assalaam alaykum, mgeni. Unataka nini kwa huyu?"

"Sitaki kitu kwake." Sauti ilichelewa, ikatoka. "Nilikuwa na nyumba. Tulivu, ina giza, haina mtu. Huyu baba yake ameivunja, ameiuza vipande. Nanyeshewa. Nimeingia hapa nijikinge."

"Ukirudishiwa vipande utatoka?"

"Nitatoka."

Bibi Mwanaima alimgeukia Agapiti. "Umesikia. Kavilete. Vyote."

"Vingine vimeshachomwa, bibi," alisema Agapiti, kijasho kikimtoka. "Vimekuwa dhahabu, na dhahabu imeshauzwa."

"Vilivyochomwa nitakuombea msamaha. Kilichopotea kimepotea, hata wao wanalijua hilo. Vilivyopo vilete, ukavipange kwenye mashine kama vilivyokuwa. Nitakuja kwako kesho adhuhuri."

Agapiti alikwenda moja kwa moja kwa Kaushik. Kaushik alisikia habari, akafungua droo, akatoa leso bila kudai chochote.

"Chukua, Agapiti. Mtoto kwanza. Ingawa ni bahati mbaya iliyoje! Jibu la Nairobi limewahi, limeingia juzi tu. Yule mteja anazihitaji hizi nne za vifuniko vikubwa. Tena kwa hela ambayo mimi mwenyewe sikuitarajia." Akaitaja.

Agapiti alisimama pale dukani muda mrefu kuliko inavyohitajika kupokea leso. Mvua ilipiga bati. Kaushik alidhani analia, akageuka upande mwingine kumpa nafasi.

Adhuhuri ya kesho yake projekta ilikuwa katikati ya chumba. Agapiti alikuwa amezichomelea chipu mahali pake. Dorika aliketi mbele yake, amegeuziwa yale macho matatu. Madirisha yalifungwa. Bibi Mwanaima alifukiza, akasoma kwa sauti ya chini, kisha akasema, "Mwenye nyumba, nyumba yako hii hapa. Ingia kwa amani."

Mvumo ulipanda. Macho ya kioo yakapata joto, nukta moja ya kila rangi ikawaka ndani yake. Coletha alishika rozari mpaka ikamkata kidole. Mtoto akaanza kuinama mbele, taratibu, kama anayevutwa na kamba.

Kisha akakwama.

"Haijatimia," sauti ilisema.

"Zilizochomwa tumeziombea msamaha," alisema Bibi Mwanaima.

"Hizo nimesamehe. Nasema zilizo hai. Anazo."

Bibi Mwanaima alimtazama Agapiti. "Baba Dorika, kama kuna kitu, toa."

"Sina."

"Toa, mwanangu. Hapa hapana aibu. Hapa pana mtoto."

"Nimesema sina, bibi! Nimeleta zote!" Jasho lilimtiririka mpaka kidevuni, na sauti yake ikapanda ikapasuka, na kabla mtu hajamzuia alinyoosha mkono akaugusa utosi wa binti yake. "Naapa kwa kichwa cha mtoto huyu. Sina!"

Bibi Mwanaima alifumba macho.

Mtoto alicheka. Kicheko kilitoka kwanza, midomo ikafuata. "Mmesikia wote? Nilimwomba nyumba yangu ya zamani. Ameniapia mpya."

Nukta za rangi kwenye vioo zikazimika, na kwenye macho ya Dorika zikawaka, na mwanga ukamtoka mtoto kwenye macho na kwenye kinywa, ukaugonga ukuta wa mbele, na humo ndani ya mwanga kile kivuli kirefu kilianza kunyoosha viungo vyake kimoja kimoja, kama mtu anayejinyoosha baada ya safari, akijua kwamba amefika na hafukuzwi tena.

"Bibi, fanya kitu!" Coletha alilia.

"Mtoto ameshaapiwa, mwanangu. Kiapo cha baba sina cha kukivunjia."

Coletha alimtazama mumewe. Agapiti alikuwa amejibanza mlangoni, mkono mmoja ndani ya koti. Alitazamwa, akaelewa anatazamwa, na mkono haukutoka.

Basi Coletha aliacha kumtazama. Alitambaa mpaka mbele ya mtoto, akaingia ndani ya ule mwanga, akausikia ukimchoma uso.

"Mwenye nyumba," alisema, "nisikilize mimi. Mtoto ni chumba kidogo. Utajikunja humo mpaka lini? Njoo kwangu. Mimi ni mtu mzima, nina nafasi. Mimi sijakudanganya."

"Coletha, nyamaza!" Bibi Mwanaima alimshika bega. "Hicho sikukutuma!"

"Unaapa?" sauti iliuliza. Ilikuwa karibu sana.

"Naapa."

Mwanga ukazimika. Dorika akaanguka kifudifudi mapajani mwa mama yake, akatoa jasho la kwanza tangu augue, akaomba maji. Bibi Mwanaima alifungua dirisha haraka, na mchana ukaingia. Kila kitu kilionekana cha kawaida: sufuria, mkeka, mashine ya zamani isiyo na waya. Coletha tu ndiye aliyekuwa ameketi wima sana, akisikiliza kitu kikitafuta pa kukaa ndani yake.

"Zilikuwa ngapi?" alimwuliza mumewe bila kumgeukia.

"Coletha..."

"Ngapi?"

"Nne tu."

"Nne," alirudia Coletha. "Toka."

Agapiti alitoka. Aliziuza, na mteja wa Nairobi alilipa kama alivyoahidi. Hakuna gari lililomgonga, wala ugonjwa uliompata. Alifungua duka la televisheni na mikanda ya video mjini Geita, likapata wateja, akaoa mwanamke mwingine, na watu wakamsifu kwamba ndiye fundi aliyejua thamani ya vipuri wakati wengine wanavitupa.

Coletha alirudi Ushirombo na binti yake, akapewa chumba kwenye boma la kaka yake. Alilima, aliuza karanga, alikwenda misa. Lakini madirisha ya chumba chake hakuyafunga, hata kwa mvua, hata kwa baridi. Alilala na kitenge kizito juu ya uso, kwa sababu alipofumba macho mwanga ulipenya kwenye kope zake ukafika ukutani. Dorika aliona. Mtoto alikua, akawa anahamisha mkeka wake kidogo kidogo kuelekea mlangoni, kisha akaanza kulala kwa mjomba wake. Mama yake akimsuka nywele, mabega ya mtoto yalikakamaa mpaka kazi ilipokwisha.

Mwaka wa pili ukielekea mwisho, Agapiti alikuja na gari, amevaa saa, ameleta nguo na madaftari. Alisimama uani, hakuingia ndani.

"Nimekuja kumwomba mtoto," alisema. "Geita kuna shule nzuri."

Coletha aliinua uso, na Agapiti akatazama viatu vyake.

"Mwulize mwenyewe."

Dorika hakusubiri kuulizwa. Alikwenda akasimama upande wa baba yake. "Naomba niende, mama," alisema kwa sauti ndogo, yenye adabu, kama anavyoomba ruhusa mtoto wa jirani. "Huko nitalala vizuri."

"Nenda, mwanangu," alisema Coletha. "Nenda ulale."

Alimfungia nguo zake. Alimsindikiza mpaka kwenye gari, na mtoto akamuaga kwa shikamoo badala ya kumkumbatia. Gari likapita kanisani, likashika barabara, vumbi likatua.

Coletha alirudi chumbani. Alisimama kidogo. Kisha akayafunga madirisha, moja, na la pili, akaubana mlango kwa kigoda, akaketi chini akiuelekea ukuta.

"Haya," alisema. "Hayupo wa kuogopa tena. Toka tuonane."